Kanisani Jumapili, sokoni Jumatatu: historia ya pikapu ya tani moja

Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mke wa mkulima mmoja wa Gippsland, katika jimbo la Victoria nchini Australia, aliiandikia kampuni ya Ford barua ambayo watu wa magari wanaisimulia hadi leo. Alitaka gari moja la kuwapeleka kanisani Jumapili bila kunyeshewa, kisha Jumatatu libebe nguruwe kwenda sokoni. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka. Benki zilikubali kumkopesha mkulima gari la kazi, si la kutembelea, na la kazi lenyewe lilikuwa na kiti kigumu na paa la turubai.

Kazi hiyo ilimwangukia Lewis Bandt, kijana mchoraji wa magari katika kiwanda cha Geelong. Mwaka 1934 gari lake likatoka: mbele saluni yenye vioo vya kupandisha na viti vya heshima, nyuma sehemu ya mizigo iliyounganishwa na bodi moja kwa moja. Waaustralia wanalihesabu kuwa mama wa pikapu zao zote. Bandt alifariki mwaka 1987 katika ajali, akiendesha gari la aina hiyohiyo alilolifufua kwa mikono yake.

Hoja ya yule mama haijazeeka. Kila anayeingia yadi ya magari leo, awe Kariakoo au Ngong Road, anataka alichotaka yeye: saruji siku za kazi, familia Jumapili, na siku moja moja kupanda milima kwa raha zake. Tatizo liko chini ya gari, nyuma. Springi inayohimili tani moja lazima iwe ngumu, na gari likiwa tupu springi hiyo haina cha kuikandamiza. Kwenye changarawe yenye mawimbi, mkia unaruka na tairi linapoteza ardhi. Madereva wa zamani wanatupa magunia mawili ya mchanga nyuma, mambo yakatulia. Ukilainisha springi, abiria watakushukuru, ila ukipakia mahindi gari linakaa kitako na taa zinamulika ndege. Mshika mawili moja humponyoka, na kwa miaka tisini hivi wahandisi wamekuwa wakibishana na methali hiyo.

Wajapani waliingia mabishanoni wakiwa upande wa mzigo. Toyota Hilux ya kwanza ilitoka Machi 1968 katika kiwanda cha Hino kule Hamura, magharibi mwa Tokyo. Jina lake lilitangaza anasa. Gari lenyewe lilikuwa na benchi moja la watu watatu, injini ya petroli ya lita 1.5 yenye nguvu farasi 77, na mwendo usiozidi kilomita 130 kwa saa. Foo wili haikuwepo. Datsun walikuwa wametangulia na pikapu zao ndogo, Isuzu wakafuata na Faster mwaka 1972, na Mazda wakawa wanawatengenezea Ford.

Huku kwetu, hata hivyo, mfalme wa kwanza alikuwa Mfaransa. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya magari ya Safari mara nne katika miaka ya 1960, na mara mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa na makazi yake Dar es Salaam. Ushindi ule uliuza saluni, na saluni ikaiuzia jina pikapu. Kisha 504 ikarithi: saluni yake ilishinda Safari mwaka 1975, kupe yake ikashinda 1978, na pikapu yake ikaingia sokoni mwishoni mwa muongo huo. Ilikuwa ndefu nyuma, rahisi kutengeneza na laini kuliko washindani wake.

Kazi yake kubwa ikawa watu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta wa Kenya alikuwa amewaruhusu wenye matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na mafundi wa kuchomelea mabati wakapata neema. Pikapu ilifungwa kibanda nyuma, benchi mbili zikatazamana, kondakta akaning'inia mlangoni. Dar es Salaam nayo ilikuwa na chai maharage zake, abiria wakitazamana goti kwa goti. Hakuna mhandisi wa Ufaransa wala Japani aliyechora kitu kama hicho. Nadhani ndilo jaribio kali zaidi ambalo pikapu imewahi kupewa, na sijaona jarida la magari lililoliandika.

Mjapani alishinda kwa dizeli na kwa spea. Mahali ambapo barabara inaishia, gari bora ni lile ambalo spea yake inapatikana kwenye duka la hapo centa. Kenya iliongeza la kwake: General Motors Kenya iliyoanzishwa mwaka 1975 iliunganisha Isuzu jijini Nairobi, na mwaka 2017 Isuzu wakanunua hisa za Wamarekani na kuipa jina la Isuzu East Africa. Pikapu ya Nissan, ile Hardbody, iliunganishwa Thika.

Raha ya kuchezea gari porini ilitoka kwingine. Mwaka 1979 Hilux ilipewa foo wili kwa mara ya kwanza: ekseli nzima ya chuma mbele, springi za mabamba pande zote, na gia ya pili ya kupunguza mwendo. Vijana wa Marekani waliinyakua. Filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985 ilipomwonyesha Marty McFly akiitamani pikapu nyeusi ya Toyota, ilikuwa inachekesha kwa sababu kila kijana ukumbini aliitamani pia. Marekani hawakuita gari hilo Hilux. Walishaliacha jina hilo miaka ya 1970, na kuanzia 1995 wana Tacoma yao. Kinachowatenga zaidi ni ushuru wa asilimia 25 kwa magari madogo ya mizigo kutoka nje, uliowekwa mwanzoni mwa mwaka 1964 kulipiza kisasi kwa Wazungu waliozuia kuku wa Marekani. Ugomvi wa kuku umesahaulika, ushuru upo.

Tangu hapo njia zikaachana. Kuanzia mwaka 1985 Toyota waliondoa ekseli nzima ya mbele kwenye magari ya Marekani, kila gurudumu likajitegemea, na usukani ukaacha kupigana na dereva. Australia na Afrika waliendelea kupewa ekseli nzima, Australia hadi 1997. Hilux hiyo ya ekseli nzima ndiyo LN106, ambayo mafundi wa rika langu wanaitaja kwa namba kama mtu anavyotaja shule aliyosoma. Injini yake ya 3L ni dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo wala kompyuta. Mwendo hamna. Kwenye mlima wa lami lori linaweza kukupigia honi. Lakini ukikwama kwenye tope la mfinyanzi, unaweka gia ndogo, unaachia klachi taratibu, na gari linatambaa lenyewe kama kobe mpaka pakavu.

Mwaka uleule aliofariki Bandt, uvumbuzi wake ulikwenda vitani. Wanajeshi wa Chad waliikabili Libya iliyokuwa na vifaru na ndege. Wao walikuwa na Land Cruiser na Hilux zilizofungwa bunduki nzito na makombora ya kuvunja vifaru kutoka Ufaransa. Januari 1987 waliiteka Fada, Machi wakaichukua kambi ya Ouadi Doum. Magazeti yakaiita Vita vya Toyota, na tangu siku hizo hakuna mgogoro kuanzia Somalia hadi Sahel usio na pikapu. Kwa kampuni inayouza magari ya wakulima, ni tangazo lisiloombwa.

Mimi navutiwa zaidi na vita vya mji wa Maua, kule Kenya. Miraa ikikatwa kwenye vilima vya Nyambene haina siku nyingi. Kadiri inavyonyauka ndivyo bei inavyoshuka, na mnunuzi anaijua kwa kuishika tu. Mabunda yanafungwa kwa majani ya mgomba ili yasikauke, yanajazwa kwenye magunia, magunia yanapangwa juu ya Hilux mpaka yanapita paa la kebini, kamba zinakazwa na watu wawili. Kisha gari linashuka zaidi ya kilomita 250 kuwahi ndege ya Mogadishu jijini Nairobi. Wenye akili njiani wanapisha. Tazama mkia wa gari hilo likirudi tupu: umeinuka kama linataka kuchungulia bondeni, kwa sababu fundi aliongeza bamba moja, pengine mawili, juu ya yale ya kiwandani.

Zamu ya abiria ilikuja kupitia Thailand. Kwa miaka mingi serikali ya huko ilitoza pikapu kodi ndogo kuliko saluni, hivyo familia nzima zikahamia kwenye pikapu, na viwanda vikafuata wateja. Mwaka 2004 Toyota walizindua huko Hilux mpya, pana na ndefu, ya kuuzwa nchi nyingi duniani. Dabo kebini ikawa ndiyo pikapu. Kwetu ilivaa rangi nyeupe, nembo mlangoni na namba za STK za serikali au DFP za miradi ya wafadhili, ikawa ofisi inayotembea ya afisa kilimo na mratibu wa mradi. Sehemu ya mizigo ilifupishwa ili kumpisha bosi wa kiti cha nyuma. Na injini ya dizeli ya D-4D ikaleta nozeli zisizovumilia uchafu, wakati ambao vituo vingi vya Tanzania vilikuwa vinachakachua dizeli kwa mafuta ya taa. EWURA, wadhibiti wa nishati wa Tanzania, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, gereji zikiwa zimeshavuna.

Nissan walithubutu zaidi mwaka 2014, wakaweka springi za koili nyuma ya Navara ya dabo kebini. Ni tamu kuendesha. Wateja wa Australia walilalamika inakaa chini ikipakiwa, na kampuni ikalazimika kuzirekebisha. Ford wao waliamua kutojificha: Ranger Raptor ya mwaka 2018 ina koili nyuma na shokapu za mashindano, inaruka matuta bila kunung'unika, na Uingereza iliandikishwa kubeba kilo 620 tu. Hilo si gari la tani moja tena. Hata Hilux iliyompa Nasser Al-Attiyah wa Qatar ushindi wa Dakar mwaka 2019 inafanana na ya dukani kwa sura tu. Chini ni mabomba ya chuma na injini ambayo mkulima hataiona.

Kwa hiyo kama mzigo wako unafika nusu tani siku nyingi za wiki, nunua kebini moja yenye mabamba, Isuzu D-Max au Hilux, usisikilize ya viti vya ngozi. Kama unatafuta mchanga na matope ya mwisho wa wiki, Raptor au Navara ya koili zitakufurahisha, mradi saruji uikodie gari jingine. Wengi wetu tunataka yote mawili, na kwetu imebaki dabo kebini ya mabamba na abiria mvumilivu. Ukiipata ya mtumba, usianze na rangi. Inama nyuma ya gurudumu uhesabu mabamba. Ukikuta moja jipya kati ya yaliyochakaa, huenda gari hilo limebeba kuliko linavyoruhusiwa. Mwambie muuzaji apunguze bei, au ondoka.