Ansab: misaada kwa wenye ugonjwa sugu wa mapafu

Ansab ni kitongoji cha wilaya ya Bawshar, mkoa wa Muscat, kinachojulikana zaidi kwa madimbwi yake ya maji yaliyosafishwa, ambako ndege wahamao hutua majira ya baridi. Muscat ina Waswahili wa namna mbili. Wapo raia wa Oman ambao wazee wao walitoka Unguja, Pemba na bara baada ya Mapinduzi ya 1964, wengi wakiitikia mwito wa Sultan Qaboos aliposhika utawala 1970. Na wapo wafanyakazi wa mkataba kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Kifua huwabana wote sawasawa, ila msaada hufuata kitambulisho.

Ugonjwa wenyewe huletwa na sigara, shisha, vumbi, moshi wa kuni uliovutwa ujanani, kovu la kifua kikuu au pumu iliyopuuzwa. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, ule wa kuziba njia za hewa uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021. Nyumba za Muscat huongeza udi na ubani. Kumwachisha babu sigara huenda kukawezekana. Kumwomba bibi aliyezaliwa Unguja aondoe chetezo ukumbini ni kesi nyingine kabisa.

Raia hutibiwa karibu bure katika vituo vya serikali. Huanzia kituo cha afya cha mtaani, na kesi ngumu hupewa rufaa hadi Royal Hospital, iliyomo Bawshar humohumo na iliyofunguliwa 1987. Upande wa fedha, Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 2023 ilileta posho ya uzee ya riali 115 kwa mwezi kwa raia waliotimiza miaka 60, ikalipwa kuanzia Januari 2024, pamoja na posho ya ulemavu ya riali 130. Anayeomba ya ulemavu afahamu kwamba karatasi inayotaja jina la ugonjwa peke yake haina nguvu. Yenye uzito ni ile inayoeleza kipimo cha pumzi, hatua ngapi mgonjwa anatembea kabla ya kusimama kuhema, na kama anaweza kuoga bila kushikwa mkono.

Gharama inayosahauliwa ni umeme. Mgonjwa wa oksijeni ya nyumbani hutakiwa kuivuta angalau saa 15 kwa siku. Mashine ya wati 350 hula yuniti 5 na zaidi kila siku, juu ya kiyoyozi ambacho hakizimiki joto likipita digrii 40. Hapo ndipo familia huingia, au zaka, au jumuiya za hisani kama Dar Al Atta'a. Lakini uangalifu unatakiwa: kuchangisha fedha hadharani bila kibali ni kosa Oman, na tangazo linalosambazwa WhatsApp kwa nia njema laweza kumponza aliyelituma.

Mfanyakazi mgeni hana posho hizo. Aliyeajiriwa na kampuni analindwa na Sheria ya Kazi ya 2023, inayoruhusu hadi siku 182 za ugonjwa kwa mwaka: 21 za mwanzo kwa mshahara kamili, kisha malipo hupungua kwa ngazi. Dada wa kazi za nyumbani hayumo ndani ya sheria hiyo. Ana kanuni zake, na kwa vitendo matibabu yake hutegemea moyo wa kafili, yaani mwajiri anayemdhamini. Tena uchunguzi wa kifua kikuu ni sehemu ya vipimo vya ukaazi, basi wengi huficha kikohozi mpaka wakae kitandani. Mkataba ukivunjwa, pa kukimbilia ni ubalozi. Tanzania na Kenya zote zina balozi Muscat.

Jambo moja halina gharama kwa yeyote: chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako ili mdomo wa inhela uingie na kubana, hufikisha dawa mapafuni vizuri karibu sawa na kifaa cha dukani cha kuvutia inhela.

Wanaotaka kwenda Unguja kuona ndugu wamwone daktari kwanza. Hewa ndani ya ndege huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400 hivi, na mashirika ya ndege hudai fomu ya daktari mapema kwa anayehitaji oksijeni. Mtungi wa nyumbani kwa kawaida haupandi. Mashine ndogo ya betri iliyoidhinishwa hupanda, na betri ziwe za kutosha safari nzima na za akiba, kwani ndege huchelewa.