Kura 2,320 Dhidi ya Kura 184: Kiti cha Julian Bond katika Bunge la Georgia

Tarehe 15 Juni 1965, wapiga kura 2,320 wa jiji la Atlanta walimchagua Julian Bond, kijana wa miaka 25, awe mwakilishi wao katika Bunge la jimbo la Georgia. Mpinzani wake, Malcolm Dean, aliambulia kura 487. Miezi saba baadaye, tarehe 10 Januari 1966, wajumbe 184 wa Baraza la Wawakilishi la Georgia wakapiga kura asiapishwe. Waliomtetea ni 12. Ugomvi uliofuata ulifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na kiini chake kilikuwa kimoja: kiti cha bunge ni mali ya waliomtuma mbunge, au ni mali ya wabunge atakaowakuta ukumbini?

Kiti chenyewe kilikuwa kipya. Kwa miongo kadhaa Georgia iliendesha siasa zake kwa kuhesabu kaunti badala ya kuhesabu vichwa vya watu. Katika Baraza lenye wajumbe 205, kaunti 8 kubwa zilipewa viti 3 kila moja, kaunti 30 zilizofuata viti 2, na 121 zilizobaki kiti kimoja kimoja. Kura za mchujo za kumpata gavana nazo zilifuata mpango huo, ila pointi zilikuwa maradufu. Fulton, kaunti yenye sehemu kubwa ya Atlanta, ilikuwa na watu 556,326 katika sensa ya 1960, ikapata pointi 6. Echols, huko mpakani na Florida, ilikuwa na watu 1,876, ikapata pointi 2. Piga hesabu mwenyewe: mkazi mmoja wa Echols alikuwa na uzito wa wakazi 99 wa Fulton. Mpango huo uliwafaa vigogo wa mashambani, na uliwanyima sauti watu wa mjini, Wamarekani weusi wakiwa wa kwanza kuumia.

Mahakama ya Juu iliuvunja mfumo wa pointi mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikaamuru kwamba mabunge ya majimbo yagawe viti kwa idadi ya watu. Georgia ikalazimika kuchora mipaka upya na kuitisha uchaguzi maalum. Ndipo likazaliwa eneo la uchaguzi namba 136, lenye wapiga kura wapatao 6,500, na kati yao kama 6,000 walikuwa weusi. Mmoja wa wakazi wake alikuwa Martin Luther King.

Bond hakuwa mtoto wa kabwela. Alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 14 Januari 1940. Babu yake mzaa baba, James Bond, alizaliwa utumwani, lakini baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi aliyeongoza Chuo Kikuu cha Lincoln huko Pennsylvania, chuo walichokuwa wamepitia Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe. Julian aliingia Chuo cha Morehouse, Atlanta, kisha mwaka 1960 akawa miongoni mwa vijana walioanzisha SNCC, chama cha wanafunzi waliokuwa wakikaa kwa makusudi katika migahawa iliyowakataza watu weusi. Kazi yake humo ilikuwa ya habari. Wenzake walipopigwa au kutiwa ndani huko Mississippi na Alabama, yeye alikuwa Atlanta na simu na taipureta, akiwapasha habari waandishi ambao bila yeye wasingejua. Masomo aliyaacha njiani, akarudi kuyamaliza mwaka 1971 akiwa tayari mbunge.

Alipoamua kugombea, ndani ya SNCC kulizuka mabishano. Agombee kwa tiketi ya chama cha Democratic, kilekile kilichokuwa mikononi mwa wabaguzi wa Georgia, au asimame peke yake? Akachukua tiketi ya Democratic, kisha akaanza kugonga milango. Alidai kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa na kufutwa kwa adhabu ya kifo. Watu weusi waliomsikiliza walikuwa wamezoea wagombea wanaokuja na majibu; huyu alikuja akiwauliza wanataka nini.

Kilichomponza hakikutokea Atlanta. Tarehe 3 Januari 1966, huko Tuskegee, Alabama, mwanafunzi mweusi aitwaye Sammy Younge, aliyekwisha kulitumikia jeshi la majini la Marekani, aliuawa kwa risasi katika kituo cha mafuta kwa sababu ya choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko: serikali inayoshindwa kuwalinda raia wake weusi nyumbani haina haki ya kuwapeleka Vietnam kupigania uhuru wa wengine. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa redio alimpigia simu kumuuliza kama anakubaliana nalo, naye akasema anakubaliana nalo. Akaongeza kwamba anaustahi ujasiri wa vijana wanaochoma kadi zao za kuitwa jeshini.

Wabunge 75 wakaweka pingamizi. Aliyeongoza alikuwa James Floyd, na jina lake ndilo lililobaki katika kesi. (Georgia haisahau watu wake: leo ipo hifadhi ya jimbo, kaskazini-magharibi, yenye jina la Floyd huyo.) Siku ya kuapishwa, karani wa Baraza alimkatalia Bond kiapo, na mchana huohuo akahojiwa mbele ya kamati. Walipiga kanda ya mahojiano yake ya redio. Walimuuliza kuhusu kuchoma kadi. Alijibu kwamba hajawahi kumshauri mtu achome kadi yake, na kwamba yake anayo hapo mfukoni, wakitaka ataitoa waione. Kiapo cha kuitii katiba alisema yuko tayari kukila. Jioni ikapigwa ile kura ya 184 kwa 12. Wabunge wengine weusi waliochaguliwa naye waliapishwa bila shida, jambo lililowapa wakubwa kisingizio kwamba suala si rangi.

Tarehe 14 Januari, siku Bond alipotimiza miaka 26, King aliongoza maandamano hadi Bungeni. Yeye pia alikuwa mlalamikaji kortini, kwa hoja rahisi ambayo naiona ndiyo nzito kuliko zote: mimi ni mpiga kura wa eneo la 136, na mmeniacha bila mwakilishi.

Mahakama ya shirikisho ya majaji watatu ilimkatalia Bond kwa 2 kwa 1. Wakati rufaa ikisubiri, gavana aliitisha uchaguzi mdogo kujaza kiti kilichodaiwa kuwa wazi. Bond akagombea, akashinda Februari. Mwezi Mei kamati ya Baraza ikamwita akane maneno yake. Akakataa, ikasema haapishwi. Septemba akapita katika kura za mchujo, na tarehe 8 Novemba 1966 akashinda uchaguzi mkuu. Ushindi mara tatu ndani ya miezi 17, kwa kiti ambacho alikuwa hajakikalia hata siku moja.

Hukumu ilitolewa tarehe 5 Desemba 1966, majaji wote 9 wakiwa kauli moja, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren. Upande wa Georgia ulidai kwamba Baraza lina haki ya kupima kama kiapo cha mjumbe kinatoka moyoni, na kwamba mbunge anabanwa zaidi ya raia wa kawaida katika anayoyasema. Warren alikataa yote mawili. Wabunge walio wengi hawana kipimo cha moyo wa mwenzao, na mbunge ndiye hasa anayepaswa kusema msimamo wake waziwazi, ili waliomchagua wamjue. Bond akaapishwa tarehe 9 Januari 1967, akalipwa na malimbikizo ya posho yake, dola 2,000.

Asije mtu akadhani Georgia iligeuka usiku mmoja. Kesho yake, Bunge hilohilo lilimchagua Lester Maddox kuwa gavana, kwa kuwa hakuna mgombea aliyevuka nusu ya kura. Maddox alikuwa mwenye mgahawa aliyejipatia umaarufu kwa kuwafukuza wateja weusi kwa bastola na mipini ya sururu. Na majaji walewale wa Mahakama ya Juu, wiki moja tu baada ya hukumu ya Bond, walikuwa wameamua kwa 5 kwa 4 kwamba Bunge lina haki ya kumchagua gavana. Vita vya Vietnam navyo viliendelea kuwatawanya vijana wa SNCC: Bob Moses, mmoja wa viongozi wao mashuhuri, aliitwa jeshini, akakimbilia Kanada, na hatimaye akawa mwalimu wa hisabati huko Same, Kilimanjaro.

Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa Democratic mjini Chicago, Bond alikuwa kiongozi wa ujumbe uliokuja kuupinga ule wa Maddox. Jina lake likapendekezwa kwa umakamu wa rais. Akaliondoa mwenyewe: alikuwa na miaka 28, na katiba inataka 35.

Baada ya hapo rekodi yake ya uchaguzi haina hadithi. Alikaa Baraza la Wawakilishi hadi 1974, akahamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akachaguliwa tena na tena. Kazi ya bungeni ni habari nyingine. Wenzake walimtenga kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe alikuwa akizunguka vyuo vikuu nchi nzima akitoa mihadhara. Lawama ya kwamba alikuwa mashuhuri zaidi nje ya Georgia kuliko ndani ya kamati zake haikuwa ya uongo mtupu.

Ila kulikuwa na kazi moja ambayo hakuikwepa. Mwaka 1981, wakati wa kuchora upya mipaka ya viti vya Congress, Seneta Bond alipeleka mswada wa kulifanya eneo la 5, yaani Atlanta, liwe na wakazi weusi asilimia 69. Bunge lilipitisha 57. Wizara ya Sheria ya Marekani ikaikataa ramani hiyo, na mwaka 1982 mahakama mjini Washington ikaamua kwamba ilichorwa kwa nia ya ubaguzi, ikimtaja mwenyekiti wa kamati ya Baraza kuwa mbaguzi. Eneo likachorwa upya, likawa na asilimia 65. Hata hivyo mbunge wake mzungu, Wyche Fowler, alikishika kiti hadi alipoondoka mwaka 1986 kugombea Seneti ya Marekani.

Sasa kiti kilikuwa wazi, na wengi walikiona kuwa cha Bond. Aliyejitokeza kumkabili ni John Lewis, mwenyekiti wake wa zamani katika SNCC na rafiki wa miaka 25, mtoto wa wakulima wa Alabama aliyepasuliwa kichwa na askari katika maandamano ya darajani Selma. Lewis alijinadi kama mchapakazi na akamchora mwenzake kama mtu wa kupigwa picha. Katika mdahalo akamtaka wakapimwe wote wawili dawa za kulevya, Bond akakataa. Kura za mchujo za Agosti zilimpa Bond asilimia 47 na Lewis 35, ikabidi duru ya pili. Tarehe 2 Septemba Lewis alishinda kwa asilimia 52 kwa 48. Wapiga kura weusi walio wengi walimchagua Bond. Wazungu, kundi dogo katika eneo ambalo Bond mwenyewe alipigania wawe wachache, walimpigia Lewis kwa wingi uliotosha kufidia pengo hilo.

Bond aliondoka Seneti ya jimbo Januari 1987. Aliongoza bodi ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki Agosti 2015. Hakugombea tena cheo chochote cha kupigiwa kura. Lewis alikishika kiti cha eneo la 5 hadi alipofariki Julai 2020.