Konda Anakuita Bosi? Neno Hilo Lilianzia Uholanzi

Ukipanda daladala, konda anakuita bosi. Bodaboda naye, bosi. Hata uwe na jero tu mfukoni, wewe ni bosi. Neno tumelitoa kwa Waingereza, sawa, ila na wao walilichukua njiani. Mwenyewe ni Mholanzi.

Kwao ni baas: mkuu wa kazi, mwenye karakana, kichwa cha nyumba. Mpaka leo mwenye mbwa huko Uholanzi naye ni baas wa mbwa wake. (Mshahara sijui analipwaje.)

Miaka ya 1620 Waholanzi wakalibeba hadi Amerika, wakajenga mji wao Manhattan, New Amsterdam. 1664 Waingereza wakauchukua, wakauita New York. Bendera ikashuka, maneno yakabaki mtaani. Baas likawa boss.

Lakini Kiingereza si kilikuwa na master? Kilikuwa nalo, ila lilinuka utumwa. Ndivyo mtumwa alivyomuita aliyemmiliki, na kibarua wa Kizungu Marekani, hasa baada ya uhuru, hakutaka kabisa kuwekwa kundi moja na mtumwa. Kuna Mwingereza alitoa kitabu 1807, ana kisa humo: anabisha hodi kwenye nyumba ya watu, anamuuliza dada wa kazi kama bwana wake yupo. Dada anawaka! Hana bwana, yeye ni msaidizi tu, watumishi ni watu weusi. Jina la dada halikuandikwa. Yaani boss lilimpa mzungu maskini heshima kwa sababu kulikuwa na mweusi chini yake, yeye bado analazimika kusema master.

Sasa Afrika Kusini. Waholanzi walianza kukaa Cape 1652, na neno lilelile mdomoni. Huko mfanyakazi mweusi ndiye aliyetakiwa kumuita mzungu baas. Mtoto wa mzungu huyo naye alikuwa kleinbaas, bosi mdogo. Hebu fikiria, babu mwenye mvi anamwambia hivyo mtoto wa miaka sita. Miaka ya 1950 wakubwa wa serikali ya makaburu wakalifanya siasa kabisa, baasskap, kwamba mzungu atawale wengine wote.

Kwa hiyo konda wetu aendelee tu, hana kosa. Ila ukifika Johannesburg, usije ukamuita mzee yeyote baas kwa utani.