Ufaransa Ilivyofika Gusii: Mpaka wa Misheni, Kahawa, Jiwe na Tafsiri

1. Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi ya ulimwengu, utamaduni wa Ufaransa huletwa mbele ya mwanafunzi wa Afrika ya Mashariki mara nyingi kwa njia ya orodha: Mapinduzi ya mwaka 1789, Mnara wa Eiffel uliokamilika mwaka 1889, jumba la makumbusho la Louvre, tamthilia za Molière, mikahawa ya Paris. Orodha hiyo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba humweka msomaji nje ya habari anazozisoma. Mwanafunzi anayetoka Nyamira au Kisii huzipokea kama habari za watu ambao hawajawahi kuhusiana na kwao kwa namna yoyote.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Dai lake ni kwamba Ufaransa na nchi ya Abagusii zimehusiana kwa zaidi ya karne moja, ila uhusiano huo ulipita daima katika mikono ya mtu wa tatu, na katika kupokezana huko majina ya wahusika yalipotea njiani. Dai hili litachunguzwa kwa kuangalia mambo manne: mpaka wa misheni, kahawa, jiwe la kuchonga, na tafsiri ya Kiswahili. Jambo la nne ndilo linaloihusu taaluma ya uhakiki moja kwa moja, lakini halieleweki barabara bila ya yale matatu yanayolitangulia.

2. Mpaka wa mwaka 1894

Ufaransa ilikaribia kufika Gusii mapema. Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Kadinali Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, waliingia Buganda mwaka 1879. Ushindani wao na Waprotestanti wa Kiingereza uligeuka kuwa wa kisiasa, hata wafuasi Waganda wa pande hizo mbili wakaitwa, mmoja mmoja, Mfaransa au Mwingereza kwa kadiri ya dini yake, ingawa wengi wao hawakuwahi kuziona nchi hizo. Mnamo Januari 1892 pande hizo zilipigana vita huko Mengo, na Kapteni Lugard aliwasaidia Waprotestanti.

Roma ilitambua hatari ya Ukatoliki kuonekana kuwa ni Ufaransa. Mwaka 1894 eneo la mashariki likakatwa na kuundiwa mamlaka yake ya kanisa, yaliyoitwa Nile ya Juu, nayo yakakabidhiwa wamisionari wa Mill Hill ambao makao yao yalikuwa London. Nchi ya Abagusii ilikuwa ndani ya eneo hilo. Wakati ule ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda, na haikuhamishiwa upande wa Kenya ya leo hadi mwaka 1902. Kwa hiyo misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, karibu na mji wa Kisii, ilipofunguliwa mwaka 1911, waliokuja walikuwa watu wa Mill Hill, si Mapadre Weupe.

Uamuzi huo uliofanywa mbali ulikuwa na matokeo makubwa. Kwingineko katika Afrika ya Mashariki padre wa Kifaransa alikuwa mwalimu, mkulima na mwanaisimu. Mfano ulio bora ni Charles Sacleux, wa shirika la Roho Mtakatifu, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo na ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kuchapishwa Paris mwaka 1939. Wachunguzi wa lahaja za Kiswahili wanaitegemea hadi leo. Gusii haikupata Sacleux wake. Ufaransa ilibaki ng'ambo ya mpaka, na yote yaliyotoka kwake yalilazimika kuja kwa kuzunguka.

3. Kahawa

Jambo la kwanza lililozunguka ni mmea. Shirika la Roho Mtakatifu lilichukua kazi ya misheni Zanzibar mwaka 1863, baada ya mapadre wa kwanza kutoka kisiwa cha Réunion kufika mwaka 1860. Mwaka 1868 likaanzisha kituo cha Bagamoyo. Kisiwa hicho kilikuwa na kahawa iliyoletwa kutoka Yemen mnamo mwaka 1715, wakati kilipokuwa bado kikiitwa Bourbon, kwa jina la ukoo wa wafalme wa Ufaransa. Mapinduzi yalipouangusha ufalme mwaka 1792, jina hilo la kifalme halikuvumilika tena, na mwaka 1793 kisiwa kikaitwa Réunion. Wanamapinduzi walilifuta jina katika ramani, lakini hawakuweza kulifuta shambani: aina ile ya kahawa inaitwa Bourbon mpaka leo.

Mapadre waliipanda kahawa Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893, kisha katika misheni ya Mtakatifu Austin iliyoanzishwa mwaka 1899 karibu na mahali palipojengwa Nairobi. Walowezi walichukua miche huko, na aina hiyo ikajulikana katika biashara kwa jina la Kiingereza, French Mission, yaani Misheni ya Kifaransa. Hapa tayari pana upotoshaji mdogo unaofaa kutazamwa: kazi ya Wafaransa ilihifadhiwa kwa lugha ya Waingereza, na mikono ya Waafrika waliolima haikutajwa kabisa.

Serikali ya kikoloni iliwakataza Waafrika kulima kahawa kwa muda mrefu, kwa shinikizo la walowezi. Katika miaka ya 1930 marufuku hayo yalilegezwa kwa majaribio katika sehemu chache zilizokuwa mbali na mashamba ya walowezi hao, nazo ni Kisii, Meru na Embu. Mkulima wa Gusii aliingia katika historia ya kahawa nyuma ya walowezi, naye aliwekewa masharti ya idadi ya miche na usimamizi wa maofisa.

Tofauti ya maisha ya kila siku inaonekana wazi upande wa pili wa safari ya kahawa. Paris ilikuwa na mkahawa wa Procope tangu mwaka 1686. Katika karne ya kumi na nane mikahawa ilikuwa mahali pa kusomea magazeti na kubishana, na ilikuwa nje ya mkahawa mmoja wa bustani ya Palais-Royal ambako Camille Desmoulins aliwaita watu wachukue silaha tarehe 12 Julai 1789, siku mbili kabla ya gereza la Bastille kutekwa. Hata leo Wafaransa wengi huianza siku kwa kahawa. Katika hoteli za Kisii, Keroka na Nyamira kinywaji hicho si cha kawaida. Mazungumzo ya siasa na ya mazishi hufanywa juu ya chai ya maziwa na mandazi. Mkulima huipeleka kahawa kiwandani bila ya kuinywa, na mnywaji wa Paris huinywa bila ya kulijua jina la kilima ilikotoka. Ni uhusiano wa kweli na wa kila siku, nao unafanyika kati ya watu wasiojuana.

4. Jiwe

Jambo la pili lilikwenda kinyume, kutoka Gusii hadi Paris. Tabaka, katika Mugirango Kusini, ndiko kunakochimbwa lile jiwe laini linalouzwa duniani kote kwa jina la jiwe la Kisii. Lina rangi nyingi: jeupe, la waridi, la manjano hafifu, la kijivu. Kazi yake ni ya mikono mingi. Wapo wachimbaji wanaolitoa shimoni, wachongaji wanaolipa umbo, na wengine, wengi wao wakiwa wanawake, wanaolisugua kwa msasa na maji mpaka ling'ae. Kipande kikifika katika duka la watalii, iwe Nairobi au Ulaya, hubakiwa na jina moja tu, la mahali. Mchongaji hajulikani, sembuse aliyesugua.

Elkana Ong'esa, mchongaji wa Tabaka, ni miongoni mwa wachache waliovuka hali hiyo. Kazi yake imo katika makao makuu ya UNESCO, Paris, jengo lililofunguliwa mwaka 1958 ambalo pia lina kazi za Picasso, Miró na Henry Moore. Mwanafunzi wa Kisii anayefundishwa alama za Paris hufundishwa Mnara wa Eiffel. Ni nadra aambiwe kwamba katika mji huo huo, chini ya jina kamili la mwenyewe, imo kazi ya mtu wa kwao.

Wala isidhaniwe kwamba kupotea kwa majina ni mkosi wa Mwafrika peke yake. Paris yenyewe imejengwa kwa mawe yaliyochimbwa chini yake, na mashimo yaliyoachwa na wachimbaji ndiyo yaliyotiwa mifupa ya makaburi ya mji kuanzia mwaka 1786. Kanisa kuu la Notre-Dame lilianza kujengwa mwaka 1163, na fundi mkuu wake wa kwanza hajulikani jina. Lilipoungua tarehe 15 Aprili 2019 dunia nzima ilihuzunika. Lilipofunguliwa tena Desemba 2024, mafundi waliolitengeneza walisifiwa hadharani. Ufaransa ilijifunza, baada ya karne nyingi, kumhesabu fundi pamoja na kazi yake. Kinachodaiwa kwa ajili ya Tabaka si zaidi ya hicho.

5. Tafsiri

Jambo la nne ni maneno. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za Kenya, hali Kifaransa kilikuwa somo la hiari katika baadhi tu ya shule za sekondari. Kwa msomaji wa Gusii, ambaye Ekegusii ndiyo lugha yake ya kwanza, Kiswahili ni mlango ulio karibu zaidi kuliko Kifaransa. Basi swali la kiuhakiki ni hili: anapoingia kwa mlango huo, anaikuta Ufaransa ipi?

Tuchukue tamthilia ya Molière iliyoigizwa mara ya kwanza mbele ya Mfalme Louis XIV mwaka 1670, ambayo A. Morrison aliitafsiri kwa jina la Mchuuzi Mwungwana (1961). Mhusika mkuu, Jourdain, ni tajiri aliyerithi mali ya biashara ya nguo na anayetaka kununua ukabaila. Neno mwungwana liliteuliwa kwa busara, kwani katika historia ya Pwani lilibeba maana ya mtu huru, wa mji, mwenye nasaba na adabu. Yaani hadhi isiyonunuliwa sokoni. Kwa msomaji wa Lamu au Mombasa ya zamani kichekesho kinasimama wima.

Kisii hali ni nyingine. Jamii ya Abagusii ilipangwa kwa koo, si kwa matabaka ya waungwana na wasio waungwana, na mwungwana wa Kiswahili sanifu cha shuleni ni mtu mpole tu. Mchuuzi naye, katika mji wa Kisii, ni yule anayetembeza ndizi au nguo za mitumba kando ya barabara. Anwani hiyo, ikisomwa huko, hugeuka kuwa habari za mtembezaji bidhaa mwenye adabu njema. Kejeli ya Molière imepinduka: badala ya kumcheka tajiri anayejidai, msomaji huandaliwa kumhurumia maskini anayejitahidi. Tafsiri haikukosea, ilitafsiri kutoka Paris hadi Pwani, na safari ya kutoka Pwani hadi Gusii ikaachiwa msomaji aifanye peke yake.

Linganisha na Mnafiki (1973), tafsiri ya L. Taguaba ya Tartuffe, tamthilia iliyopigwa marufuku mwaka 1664 na kuruhusiwa hadharani mwaka 1669 tu. Neno mnafiki ni la asili ya Kiarabu, lakini Biblia ya Kiswahili ililichukua katika Injili na kulifikisha bara. Katika nchi ambayo Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa wameishi jirani tangu mwanzo wa miaka ya 1910, mtu anayejificha nyuma ya sala hahitaji maelezo ya chini. Hapa neno lilikwisha kusafiri kabla ya tamthilia.

Boi (1976), tafsiri ya Raphael Kahaso na Nathan Mbwele ya riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kamerun iliyotoka mwaka 1956, inakwenda mbali zaidi. Neno boi lilitoka katika Kiingereza likaingia Kifaransa cha makoloni, na kwa njia yake nyingine likaingia Kiswahili. Abagusii waliofanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Sotik na Kericho walilijua neno hilo kwa kuitwa kwalo. Katika riwaya hii msomaji wa Nyamira haioni Ufaransa ya Louvre. Anaiona Ufaransa ya baraza la mzungu na jiko lake, naye anaitambua mara moja, kwa kuwa Mwingereza jirani alikuwa na nyumba kama hiyo. Ndiyo maana kitabu kinachosimulia habari za mbali na Paris kinaweza kuwa ndicho kilicho karibu zaidi kimaana.

Mifano hii mitatu inaonyesha kwamba umbali kati ya Gusii na Ufaransa haupimwi kwa maili, bali kwa historia ya kila neno lililoteuliwa. Uhakiki wa tafsiri za Kiswahili umezoea kuuliza kama tafsiri ni aminifu kwa matini asilia. Haujazoea kuuliza tafsiri inamfikia nani, na anaposimama msomaji huyo ni wapi. Kumchukulia msomaji wa Kiswahili kuwa ni mtu wa Pwani ni kuwasahau wengi wanaokisoma leo.

6. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mpaka wa mwaka 1894 uliizuia Ufaransa kufika Gusii kwa sauti yake yenyewe, na kwamba baada ya hapo ilikuja kwa jina la Kiingereza katika kahawa na kwa Kiswahili cha Pwani katika tamthilia. Na Gusii nayo ilikwenda Paris kwa jiwe, mara nyingi bila ya jina. Mnamo Novemba 2021 Mkutano Mkuu wa UNESCO, uliofanyika Paris, uliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Jengo lenye kazi ya mchongaji wa Tabaka ndilo makao ya shirika lililokipa Kiswahili siku yake. Ni sadfa, lakini inafaa kufundishwa.

Yapo mambo mawili yanayopaswa kufanywa na idara za Kiswahili, na hasa zile zilizo karibu na Gusii. La kwanza ni kuzihakiki tafsiri za kazi za Kifaransa kwa kuzisoma pamoja na wasomaji wa bara, na kuziandikia maelezo yanayowafaa. La pili ni kukusanya kwa Kiswahili masimulizi ya wakulima wa kahawa na wachongaji wa jiwe wakati wazee wanaoyakumbuka wangali hai, na kuyaandika kwa majina yao, iwapo wenyewe wataridhia. Kazi hiyo ikifanywa, utangulizi wa utamaduni wa Ufaransa katika darasa la Kisii utaweza kuanzia Nyabururu, Tabaka na shamba la kahawa, na Mnara wa Eiffel utafuata kwa zamu yake.