Jeni ni ile ile, mtaa ndio umebadilika

Wasee, mnajua vile vinzi vidogo huzunguka ndizi ikiiva kupita kiasi? Vina stori ambayo Nairobi ya 1933 ingefaa kusikia.

Mwaka huo hapa mjini, Wazungu kadhaa walianzisha chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari". Kinara wao alikuwa Dkt. H. L. Gordon wa hospitali ya Mathari. Alidai ubongo wa Mwafrika ni duni, na kwamba ni mambo ya kurithi, kwa hivyo elimu haiwezi kumfikisha mbali. 1934, Dkt. F. W. Vint akachapisha vipimo vya bongo vya kumuunga mkono.

Lakini tayari 1930, Mmarekani Hermann Muller alikuwa ameripoti kitu cha ajabu. Alipiga nzi wa matunda eksirei, na baadhi ya wazao wakatokea na macho ya madoadoa, mekundu na meupe. Kumbe jeni ya rangi haikuwa imeharibika. Kromosomu ilikatika, ikaungana vibaya, na jeni ikajipata jirani na sehemu iliyokazwa sana.

Kukazwa aje? DNA haikai wazi ndani ya seli. Imezungushiwa protini, na mchanganyiko huo ndio kromatini. Ikilegea, jeni inasomeka. Ikikazwa, jeni inanyamaza. Kwa nzi wa Muller, kukazwa kulisambaa hadi kwa jeni katika seli zingine, zingine zikaponea. Ndio maana ya madoa.

Maelezo haya yalichukua miongo kukamilika. Protini moja kuu ya kukaza, HP1, ilipatikana 1986. Ukiipunguza, wekundu unarudi. Jeni ilikuwepo muda wote!

Sitawadanganya: macho ya nzi si ubongo wa mtu, na si nzi waliomshinda Gordon. Serikali ya Uingereza ilikataa kumpa pesa, chama kikafifia. Lakini nzi wanaua ile hoja ya uvivu, kwamba ukishazaliwa na kitu basi mambo yameisha. Hata jeni inategemea imekaa wapi na nani amefungua njia.

Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli, na bado kuna watu husikia jina la mtaa wakafunga faili. Mtu akikuambia mtoto wa huku hana kichwa ya masomo, "ni damu tu", muulize: ni jeni gani hiyo, na ni nani ameikaza?