Jumba Linalopumua Kericho

Je, makumbusho ya chai Kericho yangehitaji mashine kubwa za kupoza hewa? Historia ya ujenzi huku yakataa. Msonge wa Wakipsigis, kuta za udongo na paa la nyasi, ulitunza joto katika usiku wa baridi. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililotabarukiwa 2015, lilisanifiwa na kampuni ya John McAslan chini ya paa refu la vigae, na hewa hupita humo bila umeme. Mhifadhi atapinga: unyevu huozesha vitu vya kale, na mvua ya Kericho haina likizo. Kweli. Lakini kinachodai hewa kavu ni kabati lenye ngozi na karatasi, si ukumbi mzima. Kiwanda cha chai chenyewe hunyausha majani kwa kupuliza hewa vihorini tu.