Mwembe wa Bibi na Tarumbeta za Treni

Bibi yangu alipima mafuriko ya Rufiji kwa mwembe: maji yakigusa shina, tunahama. Mwembe ulimwambia maji yamefika wapi, siyo maji kiasi gani yanapita. Ndo maana historia ya kifaa cha sauti kinachofungwa kwenye boti imenishika.

Inaanzia mbali na mito. Mwaka 1842, huko Prague, Christian Doppler aliwaza kuhusu nyota: chanzo cha mawimbi kikikusogelea, mawimbi hubanana, kikienda zake, hutanuka. Mwaka 1845, Buys Ballot akapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni huko Uholanzi. Wanamuziki waliosimama kando ya reli wakasikia noti ileile iko juu treni ikija, iko chini ikiondoka.

Boti ya wapimaji inatumia siri hiyohiyo. Inavuka kutoka ukingo hadi ukingo, kifaa kikituma milio tusiyoisikia. Mwangwi unarudi umebadilika, na mabadiliko hayo yanatoa kasi ya maji, tabaka kwa tabaka. Zamani waliteremsha kipimo chenye panga linalozungushwa na maji, sehemu moja baada ya nyingine. Na mafuriko hayasubiri mtu.

Lakini mwangwi hautoki kwenye maji yenyewe, unatoka kwenye chembe za tope zinazosafiri nayo. Na mafuriko makali husogeza hata mchanga wa chini. Kifaa kinachojipima kwa sakafu ya mto hudhani boti inapanda mto, kikahesabu maji pungufu. Hapo wapimaji hutafuta mahali pa boti kwa setilaiti.

Kumbe hata sauti inahitaji mwembe usiohama.